Karoti Saba kwa Wiki Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa kwa heshima. Ndilo tusi baya kuliko yote.

Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ndiye mwenye kiwanda cha uchapaji, aliniita ofisini kwake. Mlangoni ameandika MKURUGENZI. Tuko watu watatu humo ndani, na mmoja ni mimi. Nikaketi. Akaniuliza hali ya magoti. Nikajua mara moja. Mtu akianza na magoti, ana nia ya kukuondoa.

Akasema, Shangazi, umechoka. Nikasema sijachoka. Akasema, uso wako unaonyesha. Akaeleza kwamba kazi zinachelewa. Kwamba kadi za harusi fulani nilizishikilia siku tisa kwa ajili ya nuktamkato moja, hata maharusi wakarudi kutoka fungate kabla ya mialiko kutoka. Kwamba ipo programu ya kompyuta inayopiga mstari mwekundu chini ya kila kosa, haiombi chai wala haigombani na wateja. Mwisho wa mwezi ataamua. Ama nibaki kwenye kiti cha msahihishaji, ama nikapumzike nyumbani.

Kupumzika nyumbani! Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne, nimesahihisha chapa miaka kumi na mmoja. Nyumbani kuna nini cha kusahihisha? Kuna kuku. Wanakosea, na hawasikii.

Nje ya mlango nilimkuta Mpangaji, yule anayepanga kurasa. Mtu wa miaka hamsini, uso unang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Alikuwa akisikiliza. Kisha akaenda kuipima meza yangu kwa rula. Eti Bi Mkubwa usijali, napima tu. Meza yangu iko dirishani. Anaitamani tangu mwaka juzi.

Jioni nimejitazama kwenye kioo kwa haki, kama nilivyokuwa nikitazama insha ya mwanafunzi. Ngozi kavu. Makunyanzi chini ya macho. Visigino vina magaga ya kupotezea sarafu. Sawa. Kama uso ndio unaonishtaki, uso utabadilishwa. Sarufi haibadilishwi.

Jumatano, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Imeletwa kazi kutoka kliniki: kipeperushi chenye kichwa "Ngozi Hula Unachokula". Mwandishi ni mtaalamu wa lishe wa pale, binti niliyemfundisha mwenyewe. Nilimpa alama arobaini na moja katika uakifishaji. Naona hajaongeza hata moja. Ukurasa mzima hauna mkato. Maneno yamesongamana kama mbuzi mlangoni pa zizi.

Lakini habari zenyewe! Nilisoma nikasahau kushika kalamu. Kumbe ngozi hujengwa jikoni. Hutaka protini ya mayai, samaki na maharage ili ijikarabati. Hutaka vitamini C ya machungwa na mapera ili ikaze, na vidonda vifunge. Hutaka madini ya zinki, nayo yamo hata katika mbegu za maboga ninazozitupa kila siku. Mafuta kidogo huizuia isikauke. Na vitamini A, ambayo mwili huitengeneza kutokana na rangi ya karoti, huisaidia ngozi ijifanye upya.

Ijifanye upya! Nilipiga mistari miwili chini yake.

Kisha nikafika kwenye sentensi hii. Naiandika kama ilivyokuja:

Karoti saba kwa wiki moja kwa siku zinatosha

Mtu asiyesoma angeipita. Mimi nilisimama. "Moja" ni kivumishi. Kivumishi hufuata nomino yake. Nomino iliyotangulia ni "wiki". Basi ni wiki moja, na mjadala umefungwa. Vinavyobaki ni "karoti saba" na "kwa siku", vimetenganishwa kama mume na mke waliogombana. Nikavipatanisha: "Kwa wiki moja, karoti saba kwa siku zinatosha." Safi. Ina mkato mmoja, nao unapumua.

Mpangaji aliuliza kama nisingempigia simu mwandishi kwanza, maana karoti saba kwa siku ni nyingi hata kwa punda. Nilimjibu kwamba mwalimu hamwulizi mwanafunzi maana ya sentensi, humwambia. Nakala elfu mbili ziliingia mashineni mchana huohuo. Bila kuchelewa! Mkurugenzi aliniinulia kidole gumba.

Naanza kesho. Saba kwa siku, siku saba. Tutaona nani amechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya pili. Muuza mboga wa kona aliniuliza nafuga sungura wangapi. Nikamwambia sifugi. Akasema, basi kuna farasi.

Kutafuna ni kazi ya wenye meno. Meno yangu ya juu ni ya kununua, na karoti ya tatu iliyang'oa mahali pake mbele ya mteja aliyeleta tangazo la msiba. Nilijifunika uso kwa leso. Alidhani namlilia marehemu wake, akanishika mkono, akasema hajawahi kuona kiwanda chenye utu kama hiki. Sikuweza kumjibu. Meno yalikuwa kwenye leso.

Tangu hapo nazikwaruza na kuzipika kwa kijiko cha mafuta. Kipeperushi kinasema mwili huifyonza ile rangi vizuri zaidi penye mafuta.

Mpangaji anapita na kunusa. Leo ameuliza, Bi Mkubwa, masikio hayajaanza kurefuka? Nikamwambia masikio marefu ni yake, ndiyo yanayofika milangoni pa watu. Alirudi kwenye kurasa zake.

Jumatatu, 10 Machi

Vipeperushi viligawiwa Jumamosi. Balaa! Muuza mboga hana karoti. Mtaa mzima unazitaka. Kinyozi alikuwa ameondoka na mfuko mzima. Nilimkuta njiani, akatoa kipeperushi mfukoni, akanisomea sentensi yangu kwa sauti, akapumua mahali panapostahili. Nilijivuna. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba mfuko ule ni karoti zangu.

Nikabuni hila. Nilirudi kwa muuza mboga, nikamwambia kwamba ubao wake wa bei umeandikwa "viazi tamu", na kwamba kwa kilo tatu za karoti nitamwandikia "viazi vitamu" kwa chaki yangu mwenyewe. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akafunua gunia. Alikuwa amejifichia mwenyewe. Huyo naye anataka kujifanya upya! Akanigawia kwa shingo upande, akisema wateja hawajawahi kulalamikia utamu wa viazi vyake kwa sababu ya "vi".

Karoti nimezificha kwenye droo ya chini ya meza yangu ya kazi. Niliporudi kutoka msalani, tano hazikuwepo. Mpangaji alisema ni panya. Panya gani huyo anayeacha vikonyo vitano vimepangwa kwa mstari ulionyooka, nafasi sawasawa?

Alhamisi, 13 Machi

Wiki ilitimia jana. Karoti arobaini na tisa, ukiacha zile za panya wa kurasa, ambazo nilizifidia kwa kula viazi.

Hapana, niandike kweli. Nilinunua nyingine. Hesabu ni kamili.

Kioo kinakiri. Si weupe, si wekundu, ni mng'ao. Mkurugenzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akanitazama muda mrefu, akasema, Shangazi, mbona una rangi. Nikamshukuru. Akasema hakumaanisha hivyo. Nikamwambia nimeshaipokea, hairudishwi.

Sasa swali la kitaalamu. "Zinatosha" maana yake zinafika kipimo. Haisemi kwamba zikizidi zinadhuru. Kama mwandishi alitaka kukataza, kipo kitenzi "zisizidi". Hakukitumia. Basi naongeza wiki ya pili, na boga kila jioni. Kinachoutosha uso wa kawaida hakiwezi kuutosha uso unaopigania kiti.

Jumanne, 18 Machi

Viganja vyangu ni vya manjano.

Niwe sahihi: viganja, nyayo, na mikunjo ya kando ya pua. Mpangaji alichukua jalada la manjano, akaliweka kando ya mkono wangu, akafumba jicho moja kama afanyavyo akilinganisha wino. Hakuna tofauti. Akakimbia kwa Mkurugenzi akitangaza kwamba ini la Bi Mkubwa limekwisha.

Mtoto wa kaka alikuja mbio. Akasema, Shangazi, keti. Nilikuwa nimeketi. Akasema, Shangazi, usisimame. Sikuwa nimesimama. Akasema hakuna tena haja ya kungoja mwisho wa mwezi, niende nyumbani leo hii, kesho kutwa atanipeleka kliniki mwenyewe. Nikasema nikienda, nitaenda na kiti. Nikakishika kwa mikono miwili. Walinivuta pamoja nacho hadi mlangoni, na hapo kiti kikakwama, kwa sababu mlango ni mwembamba na kiti ni cha zamani, kimetengenezwa na watu waliojua kazi. Nikaketi palepale kizingitini, nikasahihisha kadi mbili. Wateja walipita dirishani.

Niliona macho ya yule kijana yana machozi. Ana sura ya baba yake akilia. Nilimwambia afute uso, mimi bado nipo.

Kama ni ini, basi ni ini. Lakini sitakufa nikiwa nimeondolewa.

Alhamisi, 20 Machi

Kliniki. Nitaandika polepole, maana nina hasira.

Kwenye benchi la kungojea tuliwakuta watu kumi na wawili. Kinyozi. Muuza mboga. Mwalimu mkuu mstaafu na mkewe. Wote wameweka mikono mapajani, viganja chini, kama watoto waliokula sukari. Muuza mboga aliponiona alifungua kiganja kidogo tu, nami nikafungua changu. Tukaelewana bila neno.

Mtaalamu wa lishe alinivuta kope la chini kwa kidole. Akasema macho ni meupe kabisa, na mgonjwa wa ini macho hugeuka manjano pia. Hii ni rangi ya karoti tu. Mwili hugeuza kiasi unachokihitaji kuwa vitamini A, na rangi inayobaki hujilaza ngozini, hasa kwenye viganja. Haina madhara, itapotea yenyewe baada ya wiki kadhaa. Akaongeza kwamba ingekuwa vidonge vya vitamini A, hapo tungekuwa tunaongea mambo mengine, maana hivyo vikizidi ni sumu.

Mtoto wa kaka alikaa chini, akashika kichwa, akacheka kama mtu anayekohoa.

Ndipo binti akauliza ninakula karoti ngapi. Nikasema saba kwa siku, kama ulivyoagiza. Akasema hajaagiza. Kinyozi akatoa kipeperushi. Binti akasoma. Akasoma tena. Akapiga kelele hadi muuguzi akachungulia: Mwalimu! Niliandika saba kwa wiki, moja kwa siku!

Nikamwambia, kwa utulivu, kwamba hakuandika hivyo. Aliandika "wiki moja". Kama alitaka "moja" itoroke kutoka kwa "wiki" na kwenda kwa "siku", angeweka mkato kati yao. Akasema, lakini Mwalimu, nani anaweza kula karoti saba kwa siku? Nikalinyooshea mkono benchi zima. Hawa hapa.

Kinyozi akauliza kama alivyoelewa ni sawa, kwamba sote tumeng'atwa na mkato. Mke wa mwalimu mkuu akasema yeye haoni tatizo, visigino vyake vimelainika. Binti akamwambia ni yale mafuta, mama, na maji unayokunywa, na kwamba hakuna chakula kimoja kinachobeba ngozi peke yake, kama vile mtu mmoja habebi jeneza. Apunguze karoti, ale mboga za majani, maharage, matunda, vyote.

Nilimkumbusha binti alama arobaini na moja. Alijibu polepole, na kwa adabu, hilo nalikubali: Ndiyo, Mwalimu, ulinipa. Lakini ungeniuliza.

Niliitafutia kosa. Hakukuwa na kosa la sarufi katika sentensi ile.

Ijumaa, 21 Machi

Mkurugenzi amerudi kuwa Mkurugenzi. Kliniki inataka karatasi ya masahihisho, ndogo, ibandikwe kwenye kila kipeperushi. Iandikwe sentensi sahihi, na juu yake, kwa herufi nene, neno "Nimekosea", na chini yake: Msahihishaji. Akasema, Shangazi, ni neno moja tu. Niliandike kabla ya Jumatatu mchana. Nikikataa, kiti ni cha Mpangaji, na kando yake itawekwa ile programu.

Neno moja! Katika miaka arobaini na mitano nimelitumia neno hilo kwa nafsi ya pili na ya tatu tu. Umekosea. Amekosea. Mmekosea nyote, kaeni chini. Kwa nafsi ya kwanza sijui hata linatamkwaje.

Mpangaji ameshaleta kikombe chake mezani kwangu. Nimekirudisha. Amekileta tena. Amevaa glavu, eti wino mpya unamwasha.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandika tangu asubuhi. Kikapu kimejaa.

"Mmekosea." Kweli, lakini wasomaji hawatapenda. "Amekosea." Binti atakataa. "Kosa limetendeka." Kosa lilijitenda lenyewe? Huo ni uvivu wa magazeti. "Kipeperushi kimekosea." Karatasi haina hatia, niliifundisha mimi. "Tumekosea." Mimi na nani?

Nilisimama dirishani. Nikafikiria kuandika lile neno lenyewe na kumaliza. Nikashika kalamu. Nikaandika "Ni". Mkono ukakataa. Si ubishi, ni mazoea ya mifupa. Nikaliangalia lile "Ni" likisimama pale peke yake, uchi, nikalionea huruma.

Saa nane mchana likanijia. Ngeli ya mahali! Ngeli ya PA, ambayo wanafunzi wote huisahau na mimi huwapiga nayo kwenye mtihani. Mahali ni padogo, mahali ni pazuri, mahali pamefagiwa. Kwa hiyo mahali paweza pia kukosewa.

"PAMEKOSEWA."

Nani? Hapasemwi. Wapi? Hapo! Nimecheka peke yangu hadi kuku wakatoka nje.

Jumatatu, 24 Machi

Nilifika mapema. Nikaweka karatasi mbele ya Mkurugenzi: "PAMEKOSEWA. Soma: karoti saba kwa wiki, moja kwa siku, zinatosha. Msahihishaji."

Akaisoma. Akauliza, Shangazi, nani amekosea hapa? Nikasema sentensi haimtaji mtu, inataja mahali. Akasema anaona haimtaji, ndiyo maana anauliza. Mpangaji, nyuma yake, akasema hilo si neno kabisa, na waiulize programu. Wakaichapa. Programu ikapiga mstari mwekundu. Mpangaji akapiga makofi, na kwa furaha akavua glavu.

Viganja vya manjano kuliko vyangu! Panya mkubwa!

Lakini sikupoteza muda naye. Nilisimama, nikamwuliza Mkurugenzi, kama nilivyomwuliza alipokuwa na miaka kumi mezani kwa baba yake: Nyumbani? Akajibu bila kufikiri: pamefagiwa. Mezani? Pamepanguswa. Jikoni? Pamepikwa. Na katika mstari wa tisa wa kipeperushi, ule wa karoti? Akatazama mstari mwekundu. Akanitazama mimi. Pamekosewa, akasema, kwa sauti ya mtoto.

Akampigia simu mtaalamu wa lishe, akamsomea. Nilisikia kicheko hadi upande wangu. Binti akasema sawa, ilimradi karoti iwe moja. Akaongeza kwamba yeye naye hakuweka mkato, kwa hiyo yuko tayari kutia jina lake kando ya langu, iandikwe "Tumekosea". Nilikataa. Sishirikiani na mtu kosa nisilokuwa nalo.

Mkurugenzi alifikiri hadi chai ikapoa. Kisha akasema programu isiyoijua ngeli ya mahali haiwezi kukaa mahali pa Shangazi. Kiti ni changu. Sharti moja: nisihamishe hata mkato bila kumpigia mwandishi simu. Nikasema vema. Mpangaji akabeba kikombe chake kwa mikono yake ya karoti.

Nimeshinda. Na sikuwa nimechoka.

Ijumaa, 28 Machi

Kliniki imeleta kipeperushi cha pili, "Maji na Ngozi". Binti ameogopa, amemwaga mikato kila mahali kama chumvi. Moja kwa moja nikaona kasoro. Ameandika:

Kunywa kila siku maji, si soda.

"Si soda." Nini si soda? Kiima kiko wapi? Kishazi kimeachwa yatima, na mama yake, "maji", yuko upande wa pili wa mkato, anamtazama. Nikamrudisha kwa mwanawe, nikaweka nukta mahali pake:

Kunywa kila siku. Maji si soda.

Sentensi mbili kamili, kila moja kwa miguu yake. Nilifikiria kumpigia mwandishi. Simu iko kwenye meza ya Mpangaji, na mimi na yeye hatusemezani. Nikajiuliza mwenyewe badala yake. Nikakubali.

Nakala elfu tano, nazo zimetoka kabla ya saa sita. Mlinzi wa lango ndiye aliyepata ya kwanza. Alisoma mara mbili akitikisa kichwa, akasema tangu azaliwe hajaona kliniki inayoelewa watu namna hii, na kwamba kuanzia leo atafuata ushauri wa daktari neno kwa neno, pamoja na rafiki zake wote wa kilabuni. Akaomba atoke kazini mapema.

Nimemwombea ruhusa mimi mwenyewe. Maandishi yaliyosahihishwa vizuri humgusa mtu hadi moyoni.